Ushuhuda wa Mnyororo

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na ushuhuda mmoja tu wa maana maishani mwake, na ushuhuda huo aliujenga juu ya jicho la kaka yangu.

Niliusikia mara nyingi hadi ningeweza kuutoa mimi mwenyewe. Alikuwa akisimama mbele, anapangusa uso kwa leso, anasema, "Bwana asifiwe," nasi tunaitikia, "Amina." Anasema tena, "Bwana asifiwe sana," nasi tunaitikia kwa sauti zaidi. Kisha anasimulia siku gari lake lilipokwama kwenye udongo mweusi kule Kamulu, tulipokuwa tumekwenda kuombea shamba la muumini mmoja. Anasimulia lilivyofungwa mnyororo, chuma kilivyong'oka na kuruka, na Mungu alivyowakinga wote waliokuwa pale, akina mama na watoto wao. Hapo anainamisha kichwa. "Isipokuwa kijana mmoja," anasema, "ambaye nilimwambia atoke hapo. Nilimwambia mara ya kwanza. Nikamwambia mara ya pili. Jameni, vijana wetu wajifunze kutii." Na kanisa zima linasema amina, pamoja na mama yangu.

Kijana huyo alikuwa kaka yangu mkubwa, na hakuambiwa atoke. Aliambiwa ashike.

Nilikuwepo. Nilikuwa binti wa shule, nimebeba sufuria ya kachumbari kichwani, nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno. Gari la mzee, pikapu ya kubebea vipuri vya duka lake pale karibu na Gikomba, lilikuwa limezama hadi tumboni. Lori la maji lilikuwa likipita, dereva wake akakubali kutuvuta. Mzee akatoa mnyororo aliokuwa ameubeba kutoka dukani kwake, mnyororo wenye kutu uliounganishwa katikati kwa nati, akaufunga kwenye kile kichwa cha chuma cha kushikia trela, kilicho mviringo kama kitunguu. Kila ulipolegea ulizama kwenye matope na ndoano yake ikachomoka. Ndipo alipogeuka akamwona kaka yangu. "Wewe kijana, njoo ushike huu mnyororo. Uinue mpaka kifuani, usizame." Kaka akauinua. Alikuwa mtiifu kupita kiasi, ndiyo shida yake mpaka leo. Mzee akampungia dereva wa lori mkono, lori likanguruma, na kile kitunguu cha chuma kikang'oka na kuja na mnyororo nyuma yake.

Sitasimulia uso wa kaka yangu ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba kachumbari yote ilimwagika, na kwa miaka mingi harufu ya dania mbichi ilinichafua roho.

Aliyekuwa karibu kupata leseni ya udereva hakuipata tena, maana mwenye jicho moja hakuna aliyetaka kumpa lori. Akaenda Kariokor, akajifunza kushona viatu vya ngozi, na huko ndiko aliko mpaka sasa. Lakini jicho halikumtosha mzee. Ushuhuda wake ulipoanza kuzunguka mtaani, kaka yangu akapewa jina, wakamwita Mkaidi. Wamama wa Shauri Moyo walikuwa wakiwavuta watoto wao masikio na kuwaonyesha kaka yangu akipita: unaona yule, aliambiwa na wakubwa, akakataa. Nimesikia hayo kwa masikio yangu nikiwa kwenye foleni ya maji. Kumpotezea mtu jicho unaweza kusema ni ajali, ila kumfanya awe mfano wa watoto wabaya ni kazi uliyokaa ukaifanya kwa makusudi, kila mwaka, ukiwa umevaa tai.

Mbona sikusema? Nilisema. Nilisimama kanisani siku ile ya kwanza alipotoa ushuhuda wake, na mama akanifinya paja hadi nikakaa. Baba alikuwa amefariki, na mzee ndiye aliyekwenda kutuombea kwa wakubwa wa halmashauri ili tusitolewe kwenye nyumba. "Utatulaza nje," mama aliniambia tukirudi. "Ukweli wako utaupika ule?" Mama aliingia kaburini akiwa bado anamwita mzee yule baba. Na kaka mwenyewe, kila nilipoanza kuyazungumza, alikuwa akikatiza uzi kwa meno na kusema, "Wachana nayo, siz." Nilidhani ni upole. Nilimwonea hasira kidogo kwa upole huo, lakini hasira kubwa niliiweka mahali pake, kwa mzee mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya lami.

Mimi nilijifunza kuendesha gari kwa kinyongo. Sijui neno jingine. Niliendesha magari ya wapima ardhi, nikakaa na madereva waliozoea kulala porini, na kila mmoja nilimuuliza swali lilelile: gari likikwama, linatolewaje bila mtu kuumia? Waliniambia, na kila walichoniambia nilikiona kama kesi ya yule mzee. Usifunge kwenye kile kitunguu cha trela, kitang'oka. Usifunge kwenye bampa. Usitumie mnyororo wa kuungaunga. Chimba kwanza, vuta baadaye. Watu wakae mbali, mara mbili ya urefu wa kamba, na asiwepo mtu hata mmoja kwenye mstari wa kamba wala karibu nayo. Nilikuwa nikisikiliza nikitikisa kichwa, nikimwona mzee akimpungia mkono dereva wa lori.

Siku hizi nina pikapu yangu, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yangu ni kupeleka matangi ya maji, mabati, viti na mahema kwa watu wa mitaa yetu waliojinunulia vipande vya ardhi huko mashariki, Kamulu na kwingineko. Kazi haikosekani. Aliyezaliwa katika chumba kimoja cha halmashauri huota usiku na mchana kuwa na mlango wake mwenyewe, na kabla hajachimba msingi lazima kanisa liende kuliombea shamba. Huimbwa, huombwa, huliwa pilau. Tatizo ni kwamba shamba hununuliwa kiangazi, muuzaji akikuonyesha ardhi ngumu kama sakafu, na huombewa Aprili, watoto wakiwa wamefunga shule. Aprili ndiyo mvua. Na udongo mweusi ukinyeshewa hugeuka ugali ambao haujaiva. Kila mwaka wanakwama, na kila mwaka wanakwenda tena Aprili, wamevaa viatu vya Jumapili.

Basi Aprili iliyopita mzee mwenyewe alinunua shamba. Katibu wa akina mama akanipigia simu nipeleke viti na hema. Nilikubali kabla hajamaliza kuniambia ni la nani, na aliponiambia nilikubali mara ya pili. Kaka nilimuuliza kama atakuja. Akacheka, akasema ana oda ya viatu.

Nilifika nikakuta kazi imeshaanza bila mimi. Basi la kanisa lilikuwa limeachwa barabarani kwenye changarawe ya murramu, kwa akili ya dereva wake. Lakini mzee hakutaka kutembea matopeni siku yake kuu. Alikuwa amemwambia mkwewe, mume wa binti yake, alipeleke gari lake jipya jeupe mpaka katikati ya shamba. Lilifika nusu ya njia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama hadi kwenye difu, lile bonge la chuma la katikati ya ekseli, na mkwe alikuwa akikanyaga mafuta kwa nguvu, akijichimbia kaburi. Vijana wa kwaya walisukuma, suti zao zimerukiwa na matope, na akina mama walizunguka gari lote wakiimba. Naye mzee, sikuamini macho yangu, alikuwa amefungua buti na kutoa mnyororo.

"Ah, msichana wangu!" alisema aliponiona. "Mungu ni mwema. Lete hiyo pikapu hapa nyuma. Funga huu mnyororo pale kwa kichwa cha trela, tuvute mara moja."

Nilishuka, nikautazama ule mnyororo. Ulikuwa mpya kuliko ule wa zamani, lakini ulikuwa mnyororo, na kichwa kilikuwa kilekile cha kitunguu, cha gari jingine tu. Nikafurahi kwamba hasira yangu haijazeeka.

"Kwa mnyororo huo sivuti hata mkokoteni," nilisema. "Zima gari. Akina mama, tokeni hapo."

"Tumeshavuta hivi mara nyingi," mzee akasema.

"Najua. Mojawapo nilikuwepo."

Aligeuza uso, akamwangalia pasta. Pasta wetu ni kijana, ameletwa hivi karibuni, na hakuelewa. Akasema tu, "Tumsikilize dada, yeye ndiye hufanya hii kazi." Hapo nikajua siku ni yangu.

Ningeweza kulitoa gari lile haraka. Nilichagua kulitoa vizuri, na kwa sauti. Niliwaambia watu wote warudi nyuma, nikatembea nikahesabu hatua kutoka kwenye gari huku wakinitazama, nikaburuza kisigino nikachora mstari matopeni. "Kamba ikikatika inarudi kama mjeledi," nilisema. "Chuma kikichomoka kinaruka kama risasi. Mtu asimame hapa kwa hii laini, asipite. Na asimame kando, asisimame mbele wala nyuma ya magari." Mama mmoja mzee, aliyekuwa rafiki wa mama yangu, alisogea hadi kwenye mstari. "Kumbe hivi ndivyo inafaa kufanywa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, mama, na hivi ndivyo ilivyofaa kufanywa tangu zamani. Nilisema kwa nguvu ili mwenye kusikia asikie.

Kisha nikachukua koleo nyuma ya pikapu. Vijana wa kwaya walinyoosha mikono. Niliwapita nikampa mzee.

"Shamba ni la nani?" nilimuuliza. "Tope la nyuma ya magurudumu lazima litoke kwanza, na lile lililoshika tumbo. Tukivuta gari likiwa limekaliwa hivyo, tutavunja kitu. Chimba, mzee."

Mkwe akasema, "Wacha mimi nichimbe, baba," nikamwambia yeye abaki kwenye usukani, ndiye dereva. Mzee aliangalia watu, watu wakamwangalia. Angekataa wangesema ana kiburi siku ya kubarikiwa. Akavua viatu, akaletewa gumbuti za mlinzi wa jirani, kubwa kuliko miguu yake, akaanza kuchimba. Lo! Nilisimama na mikono kiunoni nikamwonyesha pa kuchimba. Hapa bado. Na hapa. Chini zaidi, mzee, hilo tope linanyonya. Lile tope lilikuwa likiganda kwenye koleo, mzee akilikung'uta kwa gumbuti, akipumua kwa mdomo. Niliona utamu ambao sijawahi kuuona kwenye soda.

Aliposhindwa kabisa ndipo nikawaacha vijana wamalizie. Nikapunguza upepo kwenye matairi ili yakanyage kwa upana. Nikatia magunia chini ya magurudumu. Nikalala chali matopeni, nikatafuta ile pete iliyoungwa kwenye chesisi yenyewe, nikaipachika pingu ya chuma ya kushikia mkanda, nikafunga mkanda wangu wa nailoni. Mkanda ule hunyumbuka kidogo na hauna chuma katikati. Kila nilichofanya nilikitaja, na nilipotaja pete nilinyoosha kidole kwenye kile kitunguu cha trela. "Hapa hapafungwi," nilisema. "Hapa ndipo panapotoa watu macho."

Wazee wa zamani waliokuwa wakiujua ushuhuda walianza kutazamana.

Kulikuwa kumebaki jambo moja. Juu ya kamba inayovuta huwekwa kitu kizito, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Mimi nina gunia langu la kazi hiyo, lenye mchanga. Lilikuwa nyuma ya kiti. Niliacha likae palepale.

"Naomba koti," nilisema. "Koti zito. La suti."

Nilinyoosha mkono kwa mzee. Alivaa suti ya kijivu, ya siku kuu, na koti lilikuwa limewekwa kwa heshima yote kwenye kiti cha plastiki, kimoja cha vile nilivyoleta. Akalileta mwenyewe. Nikalikunja juu ya mkanda, nikatia makoleo mawili ya tope ndani yake kuliongeza uzito. Kuna mtu alicheka nyuma kule akajifanya anakohoa.

"Sasa mzee, nenda kasimame na akina mama, nyuma ya laini," nikamwambia. "Usiikaribie kamba." Akajivutavuta. Nikamwambia tena: "Usiikaribie kamba, mzee, hata ukiona nini." Akaenda.

Niliingia kwenye pikapu, nikaweka gia ya chini kabisa, nikaanza kusogea pole pole. Kwenye kioo niliona mkanda ukiinuka, ukinyooka, ukikaza. Gari jeupe likatikisika. Lakini koti, kwa vile tope lilikuwa limejaa upande mmoja, likaanza kuteleza, mkono wake ukaning'inia, ukagusa chini. Na mzee akatoka kwenye laini. Alikwenda mbio, mbio za mtu mwenye gumbuti zisizo zake, moja kwa moja hadi katikati ya magari mawili, akalishika koti lake.

Nilikanyaga breki. Nasema ukweli, sikushtuka kwa huruma. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wake mkono ukiwa bado mfukoni. Alikuwa amesimama vile vile alivyosimama kaka yangu, mkanda umekaza mbele ya kifua chake.

Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikaiacha gia ndani. Ningeweza kurudi nyuma kidogo mkanda ulegee. Sikurudi. Nilitaka auangalie kwanza. Nikashuka, nikasimama mbali, upande, mahali ambapo mtu mwenye akili husimama.

"Mzee, nilikuambia usikaribie kamba?"

Alijaribu kuinua mguu. Gumbuti likakataa, tope lilikuwa limelimeza. "Koti linaanguka," akasema.

"Nimekuuliza. Nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Simu zilikuwa juu, maana walikuwa wanarekodi gari likitoka. "Sawa," nilisema. "Wewe umeambiwa mara mbili na umekuja. Ndugu yangu aliambiwa nini?"

Pasta akaanza kuja, nikamnyooshea mkono asivuke laini. "Dada," akasema kutoka pale, "pengine hapa si mahali pa..."

"Mahali pake ni hapa, pasta. Hapa kuna kamba." Kisha nikamgeukia mzee. "Toa ushuhuda. Kila mwaka unautoa, na leo kanisa lote liko. Anza vile huwa unaanza."

Alinitazama kwa chuki, na mimi nikamrudishia ya kwangu, ambayo ilikuwa na miaka mingi zaidi. Mguu wake ulikuwa bado haujatoka. Aliutazama mkanda. Sijui aliona nini pale, lakini alipofungua mdomo sauti yake haikuwa ile ya mimbarini.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," wakaitikia, kwa mazoea.

"Yule kijana... siku ile." Akalikaza koti mkononi. "Aliambiwa ashike."

"Aliambiwa na nani?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alipangusa uso kwa mkono wenye tope, ukabaki na michirizi. "Na mimi," akasema. "Mimi ndiye nilimwambia ashike mnyororo. Sikumwambia atoke."

"Amina," akasema mama mmoja nyuma, kisha akajiziba mdomo.

Hakuna aliyecheka. Yule rafiki wa mama yangu alikaa chini kwenye kiti cha plastiki, akaanza kutikisa kichwa bila kuacha. Mimi nilirudi kwenye pikapu, nikawasha, nikarudi nyuma hadi mkanda ukalala matopeni. Nilimwambia mzee atoke. Alitoka na gumbuti moja, la pili akaliacha, soksi yake nyeupe ikiingia topeni kila hatua, na hakuna kijana wa kwaya aliyekwenda kumshika mkono. Nikachukua koti nikalitupa pembeni. Nikalitoa gunia langu nyuma ya kiti nikaliweka juu ya mkanda, nikakagua pingu upya, nikahakikisha watu wote wako nyuma ya laini. Nikavuta pole pole. Tope likatoa sauti ya mtu anayekunywa chai ya moto, gari jeupe likatoka, na mkwe akafunga macho kwa shukrani.

Shamba liliombewa. Maombi yalikuwa mafupi. Nilipanga viti, nikafunga hema, na pilau ilipokuja nilikula sahani mbili, na kachumbari. Nilikuwa sijala kachumbari tangu shule. Mzee alikaa kwenye gari madirisha yakiwa yamefungwa. Baadaye mkwe alikuja akaniambia baba angependa kuniona tuongee kama familia. Nilimwambia familia yangu iko Kariokor, inashona viatu, na njia anaijua.

Hakwenda. Kilichokwenda ni ile video, na ilienda haraka kuliko mimi. Siku iliyofuata nilipoingia Kariokor, mashine zikilia na harufu ya gundi ikinipokea, wenzake wawili walinipigia makofi. Kaka alikuwa ameinama, akitoboa soli ya tairi kwa msumari. Hakuinuka. Alisema tu, "Imefika hapa. Lakini sijaiona. Nilikuwa nangoja wewe."

Nikamwekea simu mbele yake. Alipangusa mikono kwenye aproni kabla ya kuishika, akaileta karibu na jicho lake zima. Aliangalia mwanzo hadi mwisho. Mzee na koleo. Koti. Gumbuti. Nilikuwa nikimwangalia yeye, nikingoja acheke, nikingoja ile furaha niliyombebea miaka yote.

"Hebu rudisha pale anaposema," akaniambia.

Nikarudisha. Aliambiwa ashike. Sikumwambia atoke.

"Tena."

Nikarudisha tena. Akaniwekea simu mkononi, akachukua soli, akaiacha.

"Kwa hivyo hakuniambia nitoke," akasema.

Nilishangaa. "Si ulijua? Wewe ndiye ulikuwa pale. Wewe ndiye ulishika."

"Nilishika, ndiyo. Lakini siz, ukisikia kitu kila mwaka, na watu wote wanasema amina, hata mathe..." Akakuna shingo. "Mimi nilishaanza kumsikia. Nikilala namsikia akiniambia toka hapo kijana, na mimi nakataa. Anasema tena, nakataa. Nimejiuliza miaka yote, kwani nilikuwa na kiburi gani mimi? Ndiyo maana nilikuwa nakuambia uachane nayo. Niliona aibu."

Akaokota msumari wake, akaendelea kutoboa. Mimi nilisimama pale kati ya viatu, na hasira niliyodhani nimeimaliza Kamulu ikanipanda upya kutoka miguuni. Nilikuwa nimedai jicho na jina. Hili sikulijua, kwa hiyo sikulidai. Yule mzee alikuwa amekwama kabisa, mguu umemezwa, kanisa zima likiwa mashahidi, na mimi nikalegeza kamba. Nilimtoa mapema mno.